Mbwa wa Makabaila

Msomaji mpenzi, pita mtaa wowote wa wenye nazo, uwe wa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, utakuta kibao getini: MBWA MKALI. Mara nyingine mbwa mwenyewe hayupo, kibao ndicho kinachobweka. Lakini neno hilo, mkali, limetukaa kichwani kiasi kwamba ukimwambia mtu wa kitaani kwetu kuwa yupo mbwa wa kilo 50 na ushee, kichwa kama ndoo, shingo kama gogo, aliyetengenezwa makusudi kwa ajili ya kukamata watu usiku, na kwamba mbwa huyo huyo leo analala sebuleni na watoto wanamfanya mto wa kuegemea, atakucheka. Atakuambia, bwana wee, hiyo riwaya yako umeianza vibaya.

Basi si riwaya. Mbwa huyo anaitwa bulmastifu, na kwao ni Uingereza. Mimi niliyeishia kidato cha nne sina cheti cha ufugaji, wala sikusudii kukufundisha namna ya kumwogesha. Ninachotaka kukusimulia ni mahali tabia yake ilikotoka, maana tabia ya mbwa haishuki na mvua. Mbwa hufugwa kwa kazi, kazi hupangwa na watu, na watu hao huwa na mali ambayo hawataki wengine waiguse. Ukifuatilia upole wa bulmastifu nyuma, nyuma kabisa, unajikuta umefika katika sheria za Waingereza juu ya nani ana haki ya kula sungura.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1217 mfalme wa Uingereza alikuwa Henry wa Tatu, mtoto wa miaka 10, na wakubwa waliomzunguka walitoa kwa jina lake hati iliyoitwa Hati ya Misitu. Wakati ule sehemu kubwa ya nchi ilikuwa imetangazwa kuwa misitu ya mfalme, na kulungu waliokuwamo ni wa mfalme. Mkulima aliyeishi kando ya msitu aliruhusiwa kuwa na mbwa wa kulinda nyumba yake, yaani mastifu, lile dubwana zito la kale ambalo ndilo babu wa mbwa wetu. Lakini kwa sharti moja. Mbwa lazima akatwe vidole vitatu vya mguu wa mbele ili asiweze kumfukuza kulungu. Kila mwaka wa tatu walikuja wakaguzi. Aliyekutwa na mbwa mwenye vidole vyake vyote alitozwa shilingi 3, na hiyo ilikuwa nafuu, kwani kabla ya hati ile alinyang'anywa ng'ombe dume.

Hebu fikiria. Mbwa anakatwa vidole kwa sababu ya kulungu wa mtu mwingine. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliifunga ile karatasi nikakaa kimya. Nilidhani historia ya mbwa ingekuwa jambo la kupumzisha akili.

Miaka ikapita, misitu ya mfalme ikapungua, lakini nyama haikurudi kwa watu. Ilihamia kwa makabaila. Sheria ya mwaka 1671 ilisema kwamba hawezi mtu kuwinda sungura, kwale na ndege wengine wa porini ila awe na ardhi yake inayomwingizia pauni 100 kwa mwaka. Ili kupiga kura huko mashambani mtu alihitaji ardhi ya pauni 2 tu kwa mwaka. Kwa hiyo Mwingereza alihitaji mali mara 50 zaidi ili ampige kwale risasi kuliko aliyohitaji ili achague mbunge! Sheria hiyo hiyo iliwapa makabaila ruhusa ya kuajiri walinzi wa mawindo, na walinzi hao waliweza kuingia katika nyumba za wanyonge wakachukua bunduki, nyavu na mbwa.

Walinzi hao nitawaita mabwana nyama, kama wazee wetu walivyowaita maofisa wa wanyama pori enzi za ukoloni. Na hapa naomba nitoke nje ya njia kidogo tu, maana jambo lenyewe linatuhusu. Wakoloni walipokuja huku walikuja na fikra ile ile. Mwaka 1896 gavana Mjerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, mwindaji awe na kibali cha kulipia. Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yalikutana London kuwekeana mkataba juu ya wanyama wa Afrika, na Waafrika wenyewe hawakuwa na kiti mezani. Mwata wa kule Tsavo, ambaye babu zake walimwinda tembo kwa upinde, alilala mwindaji akaamka jangili. Katika miaka ya 1956 na 1957 walisakwa na kufungwa kwa wingi. Sisemi kwamba tembo asilindwe. Nasema neno jangili lina historia, na sehemu ya historia hiyo inanuka matope ya Uingereza.

Turudi kwa mbwa wetu.

Karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwa maelfu za kuzungushia uzio ardhi ya kijiji, ile ambayo zamani kila mtu alichungia mbuzi wake na kuokota kuni. Mlalahoi wa kijijini akabaki na mikono mitupu. Vita vya Napoleon vilipokwisha mwaka 1815 askari walirudi nyumbani, kazi hakuna, mkate ghali. Upande wa pili wa ua, kabaila amefuga ndege wanono kwa mamia ili wageni wake waje kuwapiga risasi wakati wa msimu. Sasa wewe mwenye watoto wanne wanaolia njaa ungefanyaje? Watu waliingia usiku. Wengine peke yao na kitanzi mfukoni kumtega sungura mmoja, wengine makundi ya watu kumi au ishirini wenye bunduki na marungu, maana kulikuwa na soko mjini.

Makabaila walijibu kwa vyuma. Walitega mitego yenye meno iliyoweza kumvunja mtu mguu, wakafunga bunduki kwa kamba iliyopita katika majani, ukiigusa kwa goti inalipuka. Tatizo la bunduki ya kamba ni kwamba haina macho. Iliwapata watoto waliofuata maua, iliwapata na mabwana nyama wenyewe. Mwaka 1827 Bunge likapiga marufuku vitu hivyo mashambani. Mwaka mmoja baadaye, 1828, ikaja Sheria ya Ujangili wa Usiku. Kosa la kwanza, hadi miezi 3 ya kazi ngumu. La pili, hadi miezi 6. La tatu, mtu aliweza kutupwa ng'ambo miaka 7, na ng'ambo kwa wakati ule maana yake Australia. Wakikutwa watatu au zaidi pamoja, na mmoja wao ana silaha, basi hadi miaka 14. Sheria ilipima hata usiku wenyewe: unaanza saa moja baada ya jua kuzama na kwisha saa moja kabla halijachomoza.

Sasa weka akilini hali ya bwana nyama. Yuko peke yake, au na mwenzake mmoja, katika giza la msitu. Mtego wa chuma umekatazwa. Wanaomjia wanajua kwamba wakikamatwa wanaweza wasiione tena nchi yao, kwa hiyo hawakamatiki kirahisi, wanapigana. Na yeye kazi yake ni kumfikisha mtu mbele ya hakimu akiwa hai, tena anatembea. Maiti haimsaidii. Maiti inaleta maswali, na anayehojiwa ni yeye, si kabaila aliyelala kwenye shuka za kitani.

Alihitaji mbwa. Lakini mbwa gani?

Mastifu alikuwapo, mkubwa na mtulivu, ila mzito na mvivu wa kukimbia. Buldogi alikuwapo pia, naye usimfikirie huyu wa siku hizi mwenye miguu mifupi anayekoroma kama injini ya daladala. Buldogi wa enzi zile alikuwa mrefu zaidi na mwepesi, aliyefugwa kwa mchezo wa kinyama wa kumng'ang'ania fahali puani mbele ya watazamaji. Mchezo huo ulipigwa marufuku mwaka 1835. Alikuwa na moyo wa ajabu, akishika haachi hata afe. Ila alikuwa mdogo kwa kazi ya kumwangusha mtu mzima, na kushika bila kuachia si sifa unayoitaka pale mlinzi anaposema, basi, mwachie.

Mabwana nyama wakachanganya damu. Hawakuandika vitabu, walikuwa watu wa kazi, na aliyezaa mbwa mzuri alimpa jirani yake mtoto. Walichokitafuta kilikuwa kigumu kweli. Mbwa asibweke, kwa kuwa anayebweka anawapa majangili nafasi ya kutoroka. Awe na rangi ya giza, kahawia iliyokolea yenye mistari myeusi, asionekane chini ya miti. Aweze kulala kimya nyasini saa nyingi kwenye baridi pembeni ya bwana wake bila kuhangaika. Akiruhusiwa, akimbie kasi fupi, amrukie mtu kwa uzito wake wote, amwangushe, amkalie. Amkalie tu! Asimrarue. Amri ikitoka, aondoke juu yake kama vile hakuna kilichotokea. Watu wakamwita mbwa wa usiku wa bwana nyama.

Sijui kama wewe unaona ninachokiona mimi. Ukali ni kitu rahisi. Mbwa yeyote ukimfunga na kumpiga na kumnyima chakula atakuwa mkali, hata wa jalalani. Kilichohitajika pale ni nguvu nyingi na breki nyingi ndani ya ngozi moja. Mbwa aliyepandwa na jazba akamng'ata mtu shingoni alikuwa mbwa aliyeharibu kazi, na mbwa aliyeharibu kazi hakuzalishwa. Kizazi baada ya kizazi walichaguliwa wale wenye subira. Walichaguliwa na watu ambao wenyewe hawakuwa na huruma yoyote kwa jangili, na hapo ndipo historia inaponiacha mdomo wazi.

Kuna tukio la mwaka 1901 lililoandikwa katika gazeti la wawindaji la Uingereza, The Field. Bwana mmoja aitwaye Burton, wa banda la mbwa la Thorneywood, alimleta mbwa wake wa usiku kwenye maonyesho. Hakumleta kushindana. Alimfunga mdomo kwa kifungio imara, kisha akatangaza pauni 1 kwa mtu yeyote atakayeweza kumtoroka. Akajitokeza jamaa mmoja mzoefu wa mbwa. Akapewa nafasi ya kutangulia mbali, mbwa akaachiwa. Mruko wa kwanza tu jamaa chini. Akainuka, chini tena. Alijaribu mara tatu mbele ya umati wa wawindaji na mabwana nyama waliokuwa wakicheka, na mara zote tatu akabaki mgongo ardhini hadi mwenye mbwa alipokuja kumtoa. Meno hayakuhusika hata kidogo.

Pauni ile Burton alirudi nayo nyumbani.

Karne ya 20 ilipoanza, kazi yenyewe ilikuwa inakufa. Kupeleka watu Australia kulikuwa kumekoma mwaka 1868. Vita Kuu ya Kwanza iliwala vijana, wakiwemo mabwana nyama na wana wa makabaila, na baada ya vita mashamba mengi makubwa yaliuzwa vipande vipande. Mbwa akawa kama mlinzi aliyeambiwa kampuni imefungwa. Aliyemwokoa ni mfugaji Samuel Moseley wa Burslem, mji wa viwanda vya vyungu. Banda lake liliitwa Farcroft. Moseley alitaka mbwa ambaye akizaa, watoto wafanane naye, siyo kila mmoja na sura yake, akaja na hesabu iliyo maarufu hadi leo: mastifu asilimia 60, buldogi asilimia 40. Mwaka 1924 chama cha wafuga mbwa cha Uingereza, Kennel Club, kikamtambua bulmastifu kuwa aina kamili. Wamarekani wakamtambua mwaka 1933.

Hata rangi ikabadilika. Ile ya giza iliyopendwa msituni ikaachia nafasi kwa rangi ya mchanga yenye uso mweusi, iliyotoka upande wa mastifu. Sasa hakuhitaji tena kujificha. Alitakiwa apendeze.

Sasa tuingie naye ndani ya nyumba. Najua kwa wengi wetu, hasa huku Pwani, mbwa haingii ndani, na mate yake yakikugusa una kazi ya kujitwaharisha. Hilo liko wazi na simkosoi mtu. Tena bulmastifu anadondosha mate kama bomba lililokatika mpira, kwa hiyo mwenye kujali udhu na amwache kabisa. Lakini kwa wale wanaomfuga, tabia zake za nyumbani ni zile zile za msituni zilizobadilishiwa chumba. Habweki ovyo. Mgeni akiingia hamrukii kwa kelele. Anasimama kati ya mgeni na watoto, anatazama. Akimpenda mtu anamwegemea kwa uzito wote mpaka mtu atafute ukuta. Anaweza kulala saa nyingi bila kusumbua mtu, kwa kuwa babu yake alilala hivyo nyasini akisubiri. Na mtoto akimvuta sikio huwa anavumilia, ingawa mzazi mwenye akili hamwachi mtoto mdogo peke yake na mbwa wa ukubwa huo, awe mpole namna gani. Hana haja ya kumng'ata. Akigeuka tu mkia na kiuno vinamwangusha.

Breki hizo, hata hivyo, hazifanyi kazi zenyewe kama za gari jipya. Anatakiwa akutanishwe na watu, watoto, wageni na kelele za mtaa tangu angali mdogo, wiki za mwanzo kabisa, maana akikua bila kuwaona watu kila mtu kwake atakuwa jangili. Afundishwe kutembea kwa kamba kabla hajakuzidi kilo. Kukomaa kwenyewe ni taratibu, miaka miwili au mitatu akili bado ya kitoto ndani ya mwili wa ndama. Ni mkaidi. Ukimfokea ananuna kweli kweli, na ukimpiga umempoteza. Dume kwa dume mara nyingi hawaelewani. Na ukimfunga mnyororo nyuma ya nyumba, mbali na watu, unaharibu kile kitu chenyewe kilichomfanya awe yeye, kwa sababu mbwa wa usiku hakuwahi kufungwa mbali na bwana wake. Walikuwa wawili gizani, kila mmoja akisikia pumzi ya mwenzake.

Hapo ndipo ninapomkumbuka baba yangu mdogo.

Baba mdogo alilinda usiku kwa miaka mingi. Nyumba moja aliyolinda, upande wa baharini wa jiji, mwenye nyumba alinunua mtoto wa mbwa aliyeuziwa kama bulmastifu, na kwa jinsi baba mdogo alivyonielezea kichwa, uso mweusi na mate, nina hakika alikuwa ndiye. Maagizo yalikuwa haya: mchana mbwa afungiwe bandani asione mtu, chakula kitiwe pilipili, asichekewe. Atakuwa mkali. Hii ni elimu tuliyo nayo nusu ya jiji, wala sijui nani aliianzisha.

Baba mdogo hakuifuata. Hakuwa mbishi, alikuwa mpweke. Usiku akishafunga geti alimfungulia mbwa, wakakaa pamoja kwenye kibanda, redio chini chini, na mbwa akamwegemea. Alimgawia ugali wake bila pilipili. Ilipita miaka miwili hivi, tajiri analala ndani akiamini ana mnyama wa kutisha uani.

Usiku mmoja baba mdogo hakusikia mbweko. Alisikia kishindo, kama gunia la mchele limeanguka. Alipofika na tochi akakuta kijana amelala chali kwenye maua, bisibisi imemtoka mkononi. Alikuja kung'oa vioo vya gari. Mbwa amesimama juu yake, miguu ya mbele kifuani, mate yanamdondokea usoni. Kijana hana hata mchubuko wa jino. Alikuwa analia, anasema, "Mzee, usipige kelele. Nakuomba mzee, usipige kelele."

Msomaji, wewe unajua kwa nini aliomba hivyo. Ukipiga kelele ya mwizi katika miji yetu usiku, hawaji mahakimu. Yanakuja mawe, linakuja tairi na petroli. Nimeona mahali pamoja asubuhi yake, lami imebadilika rangi, na watu wanapita kwenda kazini. Baba mdogo hakupiga kelele. Alimfunga kijana mikono, akamwambia mbwa, "Njoo," na mbwa akashuka. Wakasubiri watatu pale hadi gari la polisi lilipofika. Kijana yule, ninavyoambiwa, alikuwa wa umri wangu.

Asubuhi tajiri akauliza swali moja tu. "Mbona hajamrarua?"

Baba mdogo hakuwa na jibu la kumpa bosi wake. Mwezi uliofuata mbwa akauzwa, kwamba ni mpole mno, halindi. Akaletwa mwingine wa aina nyingine, na huyo ndiye aliyekuja kumng'ata mtoto wa nyumba ile mguuni. Baba mdogo aliponisimulia, alisema kitu ambacho nimekiandika kwenye daftari langu. "Mwanangu, yule mbwa alimshika yule kijana kama unavyomshika mtoto wa jirani asiangukie kisimani."

Sikumwambia wakati ule kuhusu Sheria ya Ujangili wa Usiku, maana nilikuwa sijaisoma bado. Lakini leo nikiwaza, naona mambo mawili yanagongana na sijui niyapatanishe vipi. Upole ule ulitengenezwa na makabaila kwa faida yao, ili mwenye njaa akamatwe vizuri na asafirishwe Australia. Ni upole wa pingu. Hata hivyo upole huo huo, miaka karibu mia mbili baadaye, bahari saba mbali, ulimpa mwizi wa vioo nafasi ya kuiona kesho yake. Atakayeniambia kwamba chimbuko la kitu ndilo linaloamua hatima yake, nitamwomba anieleze bisibisi ile.

Tusimpambe mno lakini. Bulmastifu ni gharama. Anakula kuliko familia ya watu watatu, na sidhani kuna haja ya kununua mbwa anayekula nyama mbele ya jirani anayelala na uji. Joto letu halimfai, pua yake ni fupi; atembezwe alfajiri au jioni, awe na kivuli na maji mengi. Tumbo lake huweza kujaa gesi na kujipinda, na hapo ni suala la saa chache, daktari au kaburi. Kwa hiyo ale mara mbili kidogo kidogo, na asikimbizwe baada ya kula. Nyonga humsumbua, saratani pia. Na haishi sana. Miaka 7 au 9 ndio kawaida yake. Mtoto aliyeanza naye darasa la kwanza atamzika kabla ya kumaliza sekondari.

Nimebakiza habari moja, hasa kwa ninyi wenzangu mnaoandika usiku kwa kibatari na kutuma kazi zisizojibiwa. Wengi wetu tumemwona bulmastifu bila kujua jina lake. Ni yule mbwa wa Rocky, bondia masikini wa Philadelphia, katika filamu ya mwaka 1976 iliyozunguka kila kibanda cha video kutoka Manzese hadi Kariakoo. Mbwa yule anaitwa Butkus, na hakuwa mbwa wa kukodi. Alikuwa mbwa wa Sylvester Stallone mwenyewe, mwandishi wa hadithi ile.

Stallone amesimulia jinsi alivyofulia wakati ule, hana kazi, chumba kidogo, na chakula cha mbwa wa ukubwa huo hakipatikani. Ikabidi amuuze, mbele ya duka, kwa mtu asiyemjua, kwa bei ya kutupa. Kisha mwezi Machi 1975 aliangalia pambano la Muhammad Ali na bondia asiyejulikana sana, Chuck Wepner, ambaye kila mtu alijua atapigwa, naye akamng'ang'ania Ali hadi raundi ya mwisho. Stallone akakaa chini akaandika. Siku tatu na nusu, mswada ukawa tayari. Ulipopata mnunuzi, kitu alichokwenda kukifanya kwa fedha ile ni kumtafuta yule aliyemnunua Butkus. Jamaa naye alishanusa harufu ya fedha, akapandisha bei mara nyingi, nyingi sana. Stallone akalipa.

Kwa hiyo mbwa yule tunayemwona chumbani kwa Rocky, ndani ya nyumba ya mtu asiye na kitu, ni mjukuu halali wa mbwa wa makabaila. Babu yake alikaa juu ya vifua vya watu kama Rocky. Filamu ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 1977, na Butkus akaigiza tena katika ile ya pili, mwaka 1979. Alikufa mwaka 1981.